Povu Kutoka Kopo la Pili

Sogea nikusimulie, lakini ucheke taratibu, maana hadi leo nikipita Bagara kuna mama mmoja huniuliza kama pipa langu limeshapoa.

Ilikuwa miaka ya themanini, wakati ukiwa na pesa bidhaa hakuna, na bidhaa ikija pesa imeshapungua nguvu. Mimi nilikuwa nawafundisha akina mama wa kanisani kutunza pesa kwa makopo matatu: la chakula, la shule na la dharura (nilikuwa nayapanga mezani kama muuza maziwa, na nilijiamini kweli). Kopo langu la pili, lile la shule, lilikuwa limejaa. Binti yangu Selina alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, zimebaki wiki tatu, na pesa ile ilikuwa ya godoro, shuka na sare.

Basi jamaa mmoja wa Bonga akaninong'oneza kwamba ana katoni nne za sabuni ya unga, nikinunua leo nitauza mara mbili kabla Selina hajaondoka. Nikajiambia siibi, nazungusha tu, nikamwaga kopo zima. Baba Selina sikumwambia, kwa sababu nilijua atakataa (na hapo ndipo ningepaswa kushtuka).

Siku ya nne redio ikatangaza msako wa walanguzi. Sabuni ikawa haitajwi hata kwa kunong'ona. Nikahangaika: katoni chini ya kitanda, nikaona zinachungulia, nikazipandisha darini, dari ikalia, nikazishusha, mbwa akibweka niko dirishani, hadi mwisho nikazichana, nikachoma makaratasi jikoni na kumimina unga wote kwenye pipa tupu nyuma ya nyumba, juu yake gunia. Lilikuwa pipa la kukingia maji ya bati. Nilisahau kabisa liko pale kwa kazi gani.

Jumamosi akina mama wamekaa sebuleni kwangu, nimeshika kopo la pili, mvua ikashuka.

"Mwalimu, mbona leo unafundisha kama unakimbizwa?" akauliza Mama Fausta.

Kabla sijajibu, povu likazunguka kona ya nyumba, jeupe, nene, likamfunika kuku, likateremka hadi barabarani, na huko barabarani alikuwa anapita balozi wetu wa nyumba kumi, chini ya mwavuli.

"Shikamoo, mzee," nikasema kutoka dirishani.

"Marahaba. Mama Selina, unafua mablanketi ya wilaya nzima?"

"Ni mvua tu, mzee." (Mvua!)

Mama Fausta akainama mlangoni, akachovya kidole, akanusa. "Mvua hii inanukia duka." Akageukia mezani. "Na hii, mwalimu, imetoka kopo la ngapi?"

Wakacheka hadi benchi likalia. Selina peke yake, mlangoni, hakucheka.

"Mama, na godoro langu?"

Nikasema yote, mbele yao na mbele ya Baba Selina, aliyekuwa ametoka chumbani kuangalia kelele. Balozi akakohoa. "Mimi nimeona povu, sabuni sijaiona," akasema, akaenda zake. Akina mama wakakimbilia ndoo, wakachota, na wiki ile kila aliyechota aliniletea alichoweza: huyu shuka, yule sare kuukuu ya bintiye. Godoro alilokwenda nalo Selina likawa letu la kitandani, na mimi na Baba Selina tukalalia ngozi ya ng'ombe mwaka mzima, naye kila akijigeuza anaguna, "Sabuni hii ngumu, Mama Selina."

Sikuacha kufundisha, ila niliongeza somo moja, nawe lichukue bure. Leo hii, pesa uliyotenga kwa jambo moja iandike jina la jambo hilo, kisha mpe aishike mtu anayeweza kukukatalia ukienda kuiomba.