Kidoa cha Chini ya Jicho

Odile Courtavel alifuta doa ambalo halikuwa uchafu, na sasa halirudi.

Asubuhi hii yuko kwenye karakana yake mjini Moulins, Ufaransa, ameinamia fremu ya mbao, anapangusa vumbi kwa brashi. Fremu tu. Picha zenyewe hagusi tena, ingawa kusafisha picha za kale ndiko kulikomlisha tangu ujana.

Picha iliyomponza ni ya mwanamke wa ukoo wa kibwanyenye, iliyochorwa kwa rangi za mafuta enzi za wafalme: gauni la hariri ya buluu, lulu shingoni, na kidoa cheusi chini ya jicho la kushoto. Wanawake wa tabaka lake walibandika kipande cha kitambaa usoni kama pambo. Mabibi harusi wa ukoo huo hubandika kidoa hichohicho mpaka leo, kisha hukaa chini ya picha hiyo wageni wawaone.

Mwezi Mei, mwenye picha, Madamu Hermance, aliileta isafishwe kabla ya harusi ya mjukuu wake, Apolline.

"Nzi walikuwa wamemchafua uso mzima," anasema Odile. "Nilikwangua kinyesi chao kwa kisu. Uchafu wa nzi hukaa juu ya vanishi, rangi iko chini. Hilo nalijua kama jina langu. Lakini harusi ilikuwa keshokutwa, mkono ukashika kasi. Kile kidoa nikakiona kama vingine. Nilipong'amua, kilikuwa tayari kwenye ndoo ya taka."

Aliomba akirudishe kwa brashi.

"Mwanangu, utakachopaka kitakuwa doa lako," Madamu Hermance alimjibu. "Lake umelitupa kwenye ndoo."

Apolline naye alikataa kubandika chake. "Nivae vipi, na bibi wa pichani mwenyewe hana?"

Mwoka mikate wa jirani, Lucien, hachoki kuchungulia mlangoni. "Odile! Njoo unifute na mimi makunyanzi!"

Zamani angemrushia tusi, wacheke wote. Siku hizi hutikisa kichwa tu.

"Natamani Madamu Hermance aniite," anasema, "hata kama ni kunifokea. Nitakwenda mbio."

Kidoa chenyewe kilikuwa kidogo kuliko punje ya dengu. Kimeondoka na pambo la harusi ya Apolline, na kiti cha Odile mezani kwa Madamu Hermance kila Jumapili, na kazi aliyofundishwa na baba yake.