Wanaume Wenye Nyundo

Célestine, Mkongo fundi nguo wa Yeoville, Johannesburg, ni mwanamke wa maneno mengi na mwoga kupindukia, wala haoni haya kukuambia hivyo. Mwaka 2015 wanaume waliivamia karakana yake kule Bertrams wakipiga kelele kwamba wageni waondoke, naye akajifungia chooni na binti yake Carmel mpaka kukatulia. Tangu hapo, gari likisimama tu nje, mguu wake huacha kukanyaga cherehani.

Carmel aliolewa, akapata nafasi ya ukimbizi pamoja na mumewe Ezéchiel na mtoto wao Shekinah, wakapelekwa Marekani. Célestine alitarajia maghorofa. Kumbe ni Nebraska, kijiji cha mtaa mmoja, kanisa, ghala la nafaka, na mahindi mpaka macho yanachoka. Kwenye simu alisimuliwa vituko vya huko. Dereva usiyemjua anakuinulia kidole kimoja juu ya usukani, na hiyo ndiyo salamu. Jirani anaingia jikoni bila hodi, anaacha bakuli la viazi, huyo anaondoka. Ukinunua dawa ya kikohozi asubuhi, jioni kijiji kizima kinakupa pole.

Wateja aliowasimulia walicheka. Célestine hakucheka. Watu wanaojua habari zako zote, aliwaza, siku wakikuchoka hawatapata shida kukupata.

Septemba 2019 vurugu zikarudi Johannesburg. Maduka yalifungwa, naye akawa anashona kwa mlango uliokomewa, roho juu. Mchana mmoja simu ikalia. Kwa Carmel ilikuwa asubuhi. Upepo wa usiku ulikuwa umeng'oa nusu ya paa lao, na Ezéchiel alishaenda zamu kwenye kiwanda cha nyama. Carmel alikuwa ananong'ona.

"Mama, kuko magari mingi inaingia hapa kwetu."

"Ya nani?"

"Sijue. Ni banaume tu. Beko na nyundo."

Célestine hakuuliza zaidi. Angeuliza nini? Aliwaona wanaume wale kana kwamba wamesimama mlangoni pake.

"Usifungue! Beba mutoto, pitia nyuma, ingia mu mahindi! Kimbia, Carmel!"

Simu ikakatika.

Alipiga, haikupokelewa. Akapiga tena. Alipiga magoti katikati ya vipande vya vitenge, akaomba, akaacha kuomba, akajilaani kwa kumruhusu mtoto wake aende mahali ambapo mama mtu hawezi hata kufika apigwe pamoja naye.

Hatimaye Carmel akapiga, akihema. Wanaume wale walikuja kuezeka paa. Hakuna aliyewaita, habari ilikuwa imezunguka tu, kama kawaida ya kule. Walipomwona anakimbia na mtoto, waliacha ngazi zao wakatawanyika shambani wakiita jina lake. Naye, kila aliposikia jina lake, alizidi kujitosa ndani. Bibi mmoja jirani ndiye aliyemkuta amejikunyata kati ya mabua, mkono wake umeziba kinywa cha Shekinah asilie.

"Sasa beko yulu ya nyumba, banapiga misumari," Carmel alisema. "Lakini banauliza ni nani alikuwa ananifukuza. Nibaambie nini, Mama?"

Célestine aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Baambie ni mama yako."