Maua ya Papai

Vidole vya mama mchonga matunda vilikuwa vimechubuka kwa utomvu wa mapapai, kwa kuwa hakuna harusi ya maana mjini Kasongo iliyokosa sinia lake la maua ya papai. Alichonga akiwa amechuchumaa, akizungusha papai badala ya kisu, akilinong'oneza kama mtu anayebembeleza mtoto anyolewe. Siku ile alikuwa amebakiza ua moja tu, shangazi wa bibi harusi akaingia bila hodi.

"Mama, acha. Bwana harusi, Ramazani, amefunikwa na shimo la dhahabu kule Salamabila. Amekufa. Harusi haiko tena."

"Na haya matunda?"

"Ukate tu. Watu wa matanga watakula nini?"

Matangani hakiwekwi chakula kilichorembwa. Basi akayakata maua yake moja moja, yakawa vipande vya kawaida. Alipofikia la mwisho, bibi harusi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, hina bado mbichi mikononi.

"Mama, hilo moja uniachie. Nilione tu."

Mama aliligeuza ua kiganjani.

"Ukiliona, mwanangu, litakufuata mpaka uzeeni," alisema, akalipasua.