Gari Linaloogeshwa Likiwa Moto

Nilikuwa gereji ya Matiliku nikingoja toroli yangu ichomelewe, masikio wazi kama kawaida. Akaingia shemasi wa kanisa letu na gari lake. Mkewe alikuwa kiti cha nyuma, amekumbatia kiti cha mbele.

"Nikikanyaga breki gari linatetemeka," shemasi akasema.

"Usukani ama pedali?" fundi akauliza.

"Vyote."

"Na mimi," mkewe akaongeza. "Lisipopona, Jumapili naenda kanisani na bodaboda."

Mke wa shemasi kwa bodaboda! Tungeongea mpaka mavuno.

Fundi akafungua gurudumu, akapapasa diski ya breki. "Imepinda. Ilimwagiwa maji ikiwa moto?"

"Hapana," shemasi akajibu.

"Baba watoto, sema ukweli. Tukishuka mlima wa Nunguni unakanyaga breki mpaka chini, halafu unaliosha mtoni ndio kanisa lione liking'aa. Nilikuambia gari halibatizwi likiwa moto."

Fundi akachonga diski mpaka ikanyooka, akaweka pedi mpya za breki.

Jumapili niliwahi mlangoni mwa kanisa. Gari lilifika limejaa vumbi, likasimama bila kutetemeka. Mama akashuka kutoka kiti cha mbele. Shemasi alitusalimia akiwa ameegemea mlango, koti amelifungua wazi lifiche vumbi. Sisi tukazunguka upande ule mwingine.