Mtaa Uliokuwa Kimya

Juzi, tukitoka kumzika mama hapa Louisville, tulipita mtaa mmoja mtupu, nyasi zimekatwa vizuri, nikakumbuka alasiri moja ya Columbus. Tulikuwa tumehamia huko kutoka Buffalo, kwenye kelele za maduka ya Grant Street. Columbus palinuka nyasi mbichi tu, na mapazia yote yalikuwa yamefungwa.

"Kuko kilio," mama alisema. Kijijini kwetu hakuna anayelima siku ya msiba; kijiji chote hunyamaza.

"Pengine wako kazini, mama."

"Hata kuku wako kazini? Bon, twende. Mtu halii peke yake."

Nilimwamini, nikaogopa. Leo najua mitaa ile huwa kimya kila siku. Lakini tulipobisha kwa jirani na sufuria yetu ya maharagwe, mzee mmoja alifungua mlango taratibu, akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyetuambia kwamba mke wake amefariki.