Siku Niliyomtangaza Mwalimu Bura Bila Kusema Neno

Naomba niseme mapema ili mcheke mmalize, kisha mnisikilize: yule mtu aliyefanya nusu ya mji wa Babati imlilie Mwalimu Bura, na mwenyewe mzima yuko ukumbini anapangusa saksafoni yake, ni mimi. Sijawahi kukana. Miaka imepita, watu wa mtaani kwetu Maisaka wakiniona bado wananiuliza, "Baba Zuhura, leo umemzika nani?" na mimi nimechoka hata kukasirika, nawapungia mkono napita.

Wakati ule mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, maofisi yanahamia, wageni wanatafuta nyumba, kila wiki kuna jambo la kutangaza, na mwenye gari la matangazo nilikuwa mimi (gari lenyewe pikapu kuukuu yenye spika mbili juu, nusu ya maisha yake iko kwa fundi). Nilitangaza mnada, mechi, dawa ya panya, chanjo ya mbwa. Nilitangaza na misiba pia, tena misiba ndiyo mingi, na hapo ndipo lilipolala tatizo ingawa sikuliona.

Mwalimu Bura alikuwa mwalimu mstaafu, anakaa mtaa wa Bagara, na kwa miaka thelathini alikuwa akipuliza saksafoni nyuma ya banda la mbuzi kwa sababu mkewe, Mama Anna, hakutaka kuisikia ndani. Mama Anna ni mtu wa kwaya, na kwake yeye saksafoni ni chombo cha baa. Alipostaafu, Mwalimu akapata wenzake watatu: Salum wa duka la vifaa vya ujenzi akapiga gitaa, bwana mmoja wa ofisi ya ardhi aliyehamia na mkoa akaja na besi lake la kusimama, refu kuliko yeye, na Paulo seremala akakaa kwenye ngoma, ila hazipigi, anazipapasa kwa fagio ndogo za waya. Jazi ya taratibu. Hakuna umeme, hakuna kucheza, hakuna mtu wa kupiga kelele "twende kazi". Mara ya kwanza kuwasikiliza nilikaa nasubiri waanze, kumbe walikuwa wameshamaliza wimbo wa pili.

Lakini walikuwa wazuri, nisiseme uongo. Miaka mitatu walihangaika na albamu yao, nyimbo nane, na Jumamosi moja saa kumi jioni wakapanga kuizindua. Mwalimu alinifuata na sidii mkononi.

"Baba Zuhura," akaniambia, "mimi sikuambii uijaze ukumbi. Namtaka mtu mmoja. Wimbo wa nne nimemtungia Mama Anna, na yeye hajui. Ile fagio ya Paulo unayoisikia, ni yeye anapepeta mbaazi kwenye ungo. Pita nyumbani, uupige huo. Akisikia atajijua, na akijijua atakuja."

"Na tangazo je?"

"Sema kidogo tu kila njia panda. Albamu mpya, saa kumi, ukumbini. Usiuze kama dawa ya panya."

Maneno matatu, basi. Hata Zuhura wangu angeyaweza, na alikuwa darasa la pili.

Sasa sikilizeni siku yenyewe. Wiki nzima nilikuwa nimetangaza mnada, koo limekwisha, mwili hauna nguvu. Asubuhi ile gari likanifia huko Sigino, nje ya mji, nikakata matawi nikayaweka barabarani kama tunavyofanya ili anayekuja nyuma asinigonge, nikalala chini ya gari mpaka saa saba. Lilipokubali kuwaka lilikuwa na gia moja tu, ya pili. Nikaokota matawi (siachi takataka barabarani, mama yangu alinifunza), nikayarusha nyuma, na moja nikalichomeka mbele kwenye bampa kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuzunguka tena. Mbele hapo nilikuwa nimeshafunga picha ya albamu, kubwa, nyeusi na nyeupe: Mwalimu peke yake amefumba macho, ameikumbatia saksafoni, na maandishi kwa chini. Tawi likaziba saksafoni. Likaziba na maandishi. Ukabaki uso wa Mwalimu, macho amefumba.

Mvua ikaanza kunyunya, nikawasha taa. Nikaweka wimbo wa nne. Nikashika maiki, nikafungua mdomo, sauti ikatoka ya chura, nikajiambia basi, muziki wenyewe utajisemea, watu si wana masikio? Nikairudisha maiki mahali pake. Hilo ndilo kosa langu, ndugu zangu, dogo kiasi hicho.

Nikateremka polepole, gia ya pili, taa zinawaka mchana, tawi mbele, nyuma yangu matawi yamejaa, saksafoni inaomboleza juu ya paa. Mimi ndani nasikiliza nasema, duh, kweli huu muziki una watu wake, maana kila nilipopita watu walisimama. Kinyozi alizima redio yake. Wazee waliokuwa wanacheza bao walivua kofia. Mama mmoja akaweka ndoo chini akafumba macho, nikasema huyo ameguswa. Bodaboda wakaanza kunifuata, wawili, kisha sita, kisha sikuhesabu tena, nao wamewasha taa, na mbele ya stendi askari akasimamisha magari yote nipite mimi. Nikampa heshima kwa mkono. Katika maisha yangu yote ya matangazo sijawahi kupishwa na mtu, mara nyingi nimerushiwa maganda ya miwa, sasa leo napishwa na askari, nikajiona mtu.

Nikaingia Bagara. Nyumba ya Mwalimu iko kando ya njia, na Mama Anna alikuwa barazani, ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, anapepeta mbaazi kabisa kama wimbo ulivyosema. Nikapunguza mwendo ili ausikie vizuri. Akainua uso. Akaangalia mbele ya gari. Akasimama, ungo ukadondoka, mbaazi zote zikamwagika chini.

Na mimi (hapa ndipo ninapotaka ardhi ipasuke kila nikikumbuka) nikasema moyoni, amejijua! Nikatoa kichwa dirishani, nikamtabasamia meno yote nje, nikamwinulia kidole gumba, nikampungia na mkono nikimwonyesha njia ya ukumbini. Nikasonga mbele nimeridhika. Kwenye kioo niliona majirani wanamkimbilia, nikadhani wanampongeza.

Pale ukumbini nilipozima gari, msafara uliokuwa nyuma yangu ulikuwa haujafika mwisho. Wanawake wamejifunga khanga kiunoni, wanaume wawili wamebeba turubai. Mwenyekiti wa mtaa akanisogelea, kofia mkononi, akauliza kwa sauti ya chini, "Pole sana, Baba Zuhura. Mwili unafika saa ngapi?"

"Mwili gani?"

"Wa Mwalimu."

Nikageuka kuitazama pikapu yangu kwa mbele. Nikaona picha, nikaona tawi, nikaona taa, gari la msiba kabisa. Hapohapo mlango wa ukumbi ukafunguliwa akatoka Mwalimu Bura mwenyewe, suti ya kijivu, saksafoni shingoni, amesikia kelele anataka kujua kuna nini. Jamani! Watu walikimbia. Kijana mmoja wa bodaboda aliingia mtaroni na pikipiki yake, na wale wa turubai walilitupa juu yangu.

Nilipojitoa kwenye turubai nikamkuta Mama Anna amefika, anashikiliwa na wanawake wawili, kiatu mguu mmoja, mguu mwingine hana. Mwalimu alimwona, na maskini ya Mungu hakuwa ameelewa chochote bado, akatabasamu akasema, "Mama Anna. Umekuja."

Yule mama alimshika uso kwa mikono miwili, akamshika mabega, akamshika mikono, kisha akakaa chini palepale kwenye matope. "Nipeni maji," akasema. Alipokunywa akaniangalia mimi. "Na wewe ulinichekea. Nimeona mume wangu amekufa, na wewe unanichekea."

Nilitamani sana kulia, lakini nilijua si haki yangu kulia.

Uzinduzi ulifanyika, maana watu walikuwa wameshafika na mwenyekiti alisema wasirudi bure. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, na Mama Anna aliketi mbele, khanga mabegani, akasikiliza wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Paulo alipogusa ngozi kwa zile fagio kuanza wa nne, mama akainuka akatoka nje. Mwalimu akashusha saksafoni. Wakaruka wakaenda wa tano.

Kesho yake nilikwenda kuomba radhi na kilo mbili za sukari. Nikamwamkia, "Shikamoo Mama Anna," akaitika marahaba bila kuniangalia. Nikamweleza yote, koo, gari, tawi, na kwamba wimbo ule ulikuwa wake, ni yeye na ungo wake. Alisikiliza huku anaokota mbaazi kwenye nyufa za baraza.

"Ameniambia," akasema. "Ni wimbo mzuri. Lakini mimi nimeshamzika nao, Baba Zuhura. Siwezi kuusikia akiwa amekaa hapa anakunywa chai. Siku akifa kweli, ndiyo upigwe."

Mwalimu alikuwa mlangoni, ameshika kikombe. Nilidhani atakasirika, miaka mitatu ya kazi yake. Akanisindikiza mpaka njiani. "Umesikia mwenyewe," akaniambia. "Siku hiyo utapita na gari lako, polepole hivyohivyo. Na usiseme neno."

Tangu hapo sijawahi kuwasha spika bila kusema. Hata koo likiwa limekwisha nasema, hata nikitangaza chanjo ya mbwa naanza kwa kusema hakuna aliyekufa, na watu wanacheka sana. Ile sidii nimeifungia kwenye kabati la nguo. Mwalimu anazeeka, siku hizi akipanda kilima cha nyumbani kwake anapumzika mara mbili, na kila nikimkuta njiani namuuliza afya yake kuliko wanavyomuuliza watoto wake. Pikapu nimeitengeneza gia zote, lakini ile ya pili, ya mwendo ule wa polepole, fundi amenihakikishia itadumu.