Taa Niliyomchagulia Baba

Mimi nimefika umri ambao hakuna kitu cha kunishangaza. Nimeona nyumba ikihamishwa bati moja baada ya jingine kabla ya saa sita mchana, nimeona mtu akiuza baiskeli na bado ameikalia, na duka langu la baiskeli hapa Kawangware nililianzisha kwa pampu moja na karai la maji, bila cheti, bila mjomba serikalini. Shule niliiachia darasa la saba, na leo wenye digrii wananiletea magurudumu yao niyanyooshe. Sisemi hivi kwa kujisifu, ni habari tu. Lakini mpaka leo ikipita baiskeli yenye dainamo ya zamani, ile inayosugua tairi na kulia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa, mimi huweka spana chini. Mlio ule kwangu una harufu. Ni harufu ya mpira uliopata moto, ya mafuta ya taa, na ya mkate uliotoka kwenye tanuri sasa hivi. Nikiusikia ninarudi kuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, kule Silanga, majira ya mvua, mwaka ambao nilimchagulia baba taa.

Silanga tulikaa upande wa chini wa Kibera, karibu na bwawa, mahali ambapo asubuhi ukungu ulikuja mpaka mlangoni na kulala juu ya vishamba vya mboga za sukuma wiki. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja katika ploti ya vyumba kumi, na kila mtu alijua mwenzake amepika nini na amelalia nini. Baba alikuwa ametoka Bungoma akitafuta kazi, na kwa miaka alibeba mawe kwenye majengo ya watu, leo ipo, kesho haipo. Ndipo akapata kazi ya kusambaza mkate kutoka bekari moja ndogo ya Kawangware. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kufika bekari saa tisa usiku, kufunga kreti mbili za mkate juu ya baiskeli, na kuhakikisha vioski vya Silanga vimepata mkate kabla ya saa kumi na moja na nusu, maana saa hiyo ndipo vibarua hunywa chai wakaondoka. Mkate ukichelewa unarudi nao. Mwenye bekari alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, lakini neno lake lilikuwa moja. "Baiskeli ni yangu, mkate ni wangu," alimwambia baba, "taa ni yako. Ukija Jumatatu bila taa, hiyo njia nampa Mutiso." Huyo Mutiso alikuwa kijana aliyeshinda getini kila siku, amekalia jiwe, akingoja mtu mmoja tu ashindwe.

Kwa hiyo Jumamosi mchana tulipanda hadi Makina, kwa fundi mmoja Mnubi aliyeitwa Mzee Ramadhani. Alifanyia kazi barazani kwake, kofia nyeupe kichwani, na baiskeli zilining'inia juu yake kama nyama buchani. Nasema tulipanda, kwa sababu hatukwenda wawili. Mtu wa ploti akienda kununua kitu kikubwa, ploti inamsindikiza. Mama Atieno, jirani yetu aliyeuza makaa, alifunga biashara yake ili asikose kuona. Baba akaniweka mbele ya watu wote, mkono wake begani kwangu. "Huyu ndiye atachagua," alisema. "Ndiye anasoma."

"Haya, Injinia," Mama Atieno akasema. "Tuonyeshe."

Mzee Ramadhani akatandaza gunia na kupanga juu yake taa tatu. Ya kwanza ilikuwa tochi ya mawe mawili, yale mawe ya betri yanayonunuliwa dukani, yenye kibano cha kuishikiza kwenye usukani. Ya pili ilikuwa taa ndogo ya mafuta yenye kioo, imeliwa na kutu. Ya tatu ilikuwa dainamo na taa yake ya mbele kubwa kama bakuli la uji, inang'aa, na kitaa chekundu cha nyuma. Mimi sikuhitaji hata kuinama. Nikawaeleza watu wazima wale kwamba tochi inakula mawe kila wiki, taa ya mafuta inazimwa na upepo, lakini dainamo haili kitu, inatengeneza umeme wake kwa miguu ya mwenye baiskeli, na ina wati tatu, imeandikwa hapa chini, mnaweza kusoma. Hakuna aliyeinama kusoma. Walitikisa vichwa kwa kukubali. Nilijisikia kama mtu aliyesimama juu ya meza.

Mzee Ramadhani alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja. "Baba yako anapita wapi na huo mkate?"

"Barabarani," nikajibu. "Kwani baiskeli hupita wapi, mzee?"

Watu wakacheka, nami nikavimba. Mzee Ramadhani hakucheka. Alimtazama baba. Baba aliitazama ile dainamo, akanitazama mimi, akashusha pumzi. "Kijana ameshasema," alisema. "Funga."

Jioni ile tuliipindua baiskeli juu chini katikati ya ploti, na nikazungusha pedali kwa mkono. Mwanga uliruka ukutani, ukapita juu ya nguo zilizoanikwa, ukamulika paka juu ya bati na uso wa mama aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Watoto walipanga foleni wamulikwe. Nilizungusha mpaka bega likauma. Jumapili kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nilikuwa nahesabu ni nani bado hajaambiwa kwamba taa ya baba niliichagua mimi.

Jumatatu nilijifunza kitu ambacho hakikuwa kimeandikwa chini ya ile taa. Dainamo huwaka gurudumu likizunguka kwa kasi. Ukipunguza mwendo inafifia kama macho ya mgonjwa, ukishuka na kusukuma inakufa kabisa. Na ndani ya Silanga hakuna mtu aliyepanda baiskeli yenye kreti mbili za mkate. Lami ilikuwa ikiishia juu, na kutoka hapo mpaka kioski cha mwisho ilikuwa ni kusukuma tu, katika vichochoro vya upana wa mlango, huku mtaro, huku ukuta, na chini matope mekundu ambayo mvua ilikuwa imeyakanda usiku kucha. Yaani taa yangu ilimulika vizuri sana pale kwenye barabara ambayo tayari ilikuwa na taa za serikali, na ilipofika mahali pa giza ikalala. Baba alikanyaga ukingo wa mtaro, baiskeli ikamlalia, na mikate mitatu ikaingia majini. Alifika kioski cha kwanza wakati vibarua wanafuta midomo. Mwenye bekari alikata mikate mitatu kwenye mshahara wake na kumwambia, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba ikitokea tena, kreti anapewa Mutiso.

Baba alirudi nyumbani goti limechubuka, suruali imekauka matope mpaka kiunoni. Mama alitazama goti, akanitazama mimi, akaenda kuchemsha maji. Mama Atieno alikuwa amekaa nje ya mlango wake na hakuniachia. "Injinia," aliita, "hiyo taa yako hulala saa ngapi?" Ploti nzima ilicheka. Nilingoja baba anichape. Nadhani ningefurahi. Yeye alikula ugali wake, akaomba chumvi, akaniuliza kama nimemaliza kazi ya shule, na saa mbili akalala, kwa sababu saa nane alipaswa kuamka.

Usiku ule usingizi ulinikataa. Niliyaona yale mawe ya majengo, yakimngoja baba arudi kuyabeba, na yote kwa ajili ya mdomo wangu. Pesa ya tochi haikuwepo mpaka mwisho wa mwezi. Kilichokuwepo ni koroboi ya mama, kile kikopo cha utambi tulichowashia chumba. Saa kumi nikaamka, nikachukua kopo tupu la mafuta ya kupikia, nikalitoboa upande mmoja kwa kisu, nikaiweka koroboi ndani ili upepo usiiguse. Mama alikuwa macho gizani akinitazama. Nilidhani atanizuia. Alinivalisha sweta lake, likanifika magotini, akasema, "Usiisogeze usoni, itakuunguza nyusi."

Nilisimama pale lami inapoishia. Baridi ilipanda kutoka bwawani, mbwa walibweka upande wa Ayany, na mimi nikalikumbatia lile kopo kwa sababu lilikuwa na joto. Kisha nikausikia mlio, kwanza mwembamba, halafu mnene, na taa ya baba ikatokea kwenye kona, kubwa na nyeupe kama ya lori. Ilikuwa taa nzuri jamani, hilo sitalikana. Ilinijia, ikafika, baba akashuka, ikafa. Tukabaki na koroboi.

"Mama yako anajua?" aliuliza.

"Anajua."

"Basi tangulia. Kanyaga pole pole, nami nakanyaga ulipokanyaga."

Nikatangulia. Nilikuwa nasema "jiwe," naye anasema "nimeliona," nasema "mtaro kushoto," naye anahamia kulia, na nyuma yangu nilisikia pumzi yake na harufu ya mkate wa moto ikinifuata kama mtu wa tatu. Saa kumi na dakika arobaini tulikuwa kioski cha kwanza. Kioski cha mwisho kilipata mkate dakika kumi kabla ya wakati, na mwenye kioski, mwanamke mkali asiyecheka na mtu, alinimegea kipande cha ncha ya mkate na kunimiminia chai. Nilikula nikiwa nimesimama, nyusi zimeungua kidogo, na sijawahi kula kitu kama kile, hata kwenye hoteli nilizoingia baadaye kwa pesa yangu mwenyewe.

Tulifanya hivyo mvua ile yote. Shuleni nilisinzia, na mwalimu aliyasema yake, lakini mimi nilijua vioski kumi na vinne kwa majina ya wenyewe, nani analipa papo hapo, nani anataka mkate mlaini, nani anasema uongo. Hiyo ndiyo shule niliyomaliza. Mwisho wa mwezi baba alinunua tochi, akaifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu, dainamo ikabaki kwa barabara na tochi kwa vichochoro, na kazi ile aliishika miaka tisa. Mutiso alichoka kungoja, akaenda kufanya kazi nyingine. Na mimi, hata tochi ilipopatikana, niliendelea kuamka. Baba hakuniambia nilale.

Siku hizi Kibera ina nguzo ndefu za taa, upande wake wa Soweto East kuna maghorofa, na dukani kwangu taa ya baiskeli unaichaji kama simu. Mteja akija hapa kutaka taa simwonyeshi taa. Namuuliza anapita wapi. Wa lami yenye magari nampa ya kuonekana, nyekundu nyuma, inayometameta. Wa njia za giza nampa ya kumulika chini, isiyo kali sana, ikae saa nyingi. Watu wanatoka hadi Dagoretti kuja kuulizwa swali hilo, na limenitajirisha. Mwezi uliopita nilikuwa namhadithia mteja mmoja habari za ile dainamo, nikijicheka, na baba, ambaye sasa ni mzee na hushinda dukani kwangu akisoma gazeti la jana, akageuza ukurasa na kusema bila kuinua macho, "Mimi nilijua."

Nikamuuliza alijua nini.

"Kwamba haiwaki ukisukuma. Kwetu nilikuwa na dainamo kabla sijamjua mama yako."

Niliweka spana chini. Nikamuuliza mbona hakusema, na kazi ilikuwa karibu kumponyoka.

"Ulikuwa umesimama mbele ya watu wa ploti," alisema. "Ningekuangusha vipi?" Kisha akauliza kama chai imeisha.

Wiki ileile binti yangu Nafula, ambaye anasomea upishi na hurudi jioni kwa baiskeli, aliingia dukani na marafiki zake wawili. Nyuma yao akaja mtu wa pikipiki na kifurushi. Nafula alikuwa ameagiza taa kwa simu, kutoka mjini, ilhali ni binti wa mwenye duka la taa. Akazifungua juu ya kaunta: vitaa vidogo vya buluu na zambarau, vinacheza kama disko. "Baba, ona," alisema, "hizi nimezichagua mwenyewe. Si ziko poa?" Marafiki walikuwa wananitazama. Mimi najua njia yake, najua pale karibu na kanisa ambapo hakuna nguzo na shimo limekaa tangu mwaka juzi, na vile vitaa haviwezi kukuonyesha hata kiatu chako. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Baba akakohoa nyuma ya gazeti.

"Ziko poa," nikasema, na nikamlipa mtu wa pikipiki, elfu mbili mia nane na hamsini ya taa, na mia mbili ya kuleta. Jioni tatu mfululizo nikawa na safari za ghafla za kununua maziwa upande ule wa kanisa, kwa baiskeli, nyuma kidogo ya Nafula akirudi, na taa yangu bora ikimulika mbele. Ya nne Nafula akasimama, akaningoja nifike. "Baba," alisema, "hiyo yako ndiyo naona nayo. Uko na nyingine kama hiyo?" Kesho yake nikamtolea mpya kwenye rafu, ambayo mimi mwenyewe naipata kwa elfu moja mia nne, akaifunga chini ya zile za disko, ambazo amekataa kuzibandua. Ukijumlisha zote, ilinitoka shilingi elfu nne mia nne na hamsini.